Mbuzi Hawajui Kuongea

Kibanda changu cha kutengeneza redio kiliegemea ukuta wa hoteli ya Katunge, kando ya soko la mbuzi mjini Machakos, na kwa miaka saba nilikula chakula chake cha mchana karibu kila siku. Kwa hiyo siandiki habari za mtu nisiyemjua. Mimi ni Kiama, Mkikuyu wa Murang'a niliyekuja kutafuta maisha Ukambani mwaka 1995, na mambo mengi ya watu hawa niliyajua kwa kukosea kwanza.

Kosa langu la kwanza lilimhusu Mzee Erastus. Mwanzo wa kila mwezi mzee huyu alikuja mjini kutoka Ekalakala kwa ajili ya kliniki ya presha. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu hata jua likiwa kali, na alitembea kama mtu anayeelekea kanisani. Alipita mbele ya hoteli, Katunge, ambaye ni binti yake, akatoka mlangoni, wakasalimiana vizuri kabisa. Kisha mzee akavuka barabara, akanunua nusu mkate na soda moja, akala amesimama, ametugeuzia mgongo. Ng'ambo ya pili binti yake alikuwa na sufuria tatu za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe au mbaazi, na harufu ilikuwa inafika hadi stendi.

Mimi na mdomo wangu nikamfuata. "Mzee, mbona unakula mkate mkavu na mtoto wako anapika?"

Aliniangalia kuanzia viatu. "Kijana, huyo ni mtoto wangu. Lakini hiyo nyumba siijui ni ya nani."

Nilirudi kibandani nimenywea. Katunge alikuwa ameona yote. Alinipakulia, na siku ile chakula chake kilikuwa na chumvi nyingi mpaka nikamaliza jagi zima la maji.

Baadaye nilielezwa. Kwa Wakamba, mbuzi wale wa kwanza wanaoitwa ntheo ndio ndoa. Ng'ombe wanaweza kungoja, kanisa linaweza kungoja, lakini mbuzi hao wasipopelekwa na kukubaliwa, mwanamke anaweza kuzaa, kulea na kuzeeka kwa mume, na kwao bado wakamhesabu kuwa msichana aliyepotelea njiani. Na Mzee Erastus alikuwa ameapa kwamba hatatia tonge mdomoni katika nyumba ya mtu ambaye hajawahi kujitambulisha kwake. Sisi Wakikuyu pia tuko na yetu, kwa hiyo sikucheka.

Mwenye nyumba aliitwa Ndambuki, fundi wa mawe. Mwaka 1979 alikwenda Ekalakala kujenga madarasa ya shule. Katunge alikuwa na miaka kumi na tisa, akiwauzia mafundi uji. Shule ilipokwisha, Ndambuki akamwambia, "Twende," na Katunge akachukua kiondo chake akaenda. Wiki iliyofuata Ndambuki alirudi Ekalakala siku ya soko, akapanda juu ya jiwe, akatangaza kwa sauti: "Katunge ni bibi yangu kuanzia leo. Siombi mtu ruhusa, na sihitaji mtu kunikubali. Nimesema." Akashuka, akaenda zake.

Msidhani alikuwa mhuni. Kakake mkubwa alikuwa amepeleka wazee mara nne kwa wakwe watarajiwa, na mara nne wakwe wakaongeza masharti, hadi msichana akaolewa Kitui na kakake akaanza kunywa. Ndambuki aliyaona hayo akiwa mdogo, akaapa kwamba yeye hatakaa mbele ya mzee yeyote kupimwa kama gunia la maharagwe. Alipojenga nyumba yake Mumbuni, nyumba nzuri ya mawe, alichora kwa mwiko kwenye simiti mbichi juu ya mlango: NDAMBUKI NA KATUNGE 1979. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba ungezisoma ukiwa barabarani.

"Mambo ya ndoa yangu yako kwa simiti," alikuwa akisema. "Simiti haibishani na mtu."

Ndambuki alipata mtu wa kumwunga mkono pale hotelini, naye ni Samatar, dalali wa mbuzi. Samatar alikuwa Msomali wa Hargeisa. Mji wao ulipopigwa mabomu mwaka 1988 alikimbia na mama yake, akazunguka, na mwishowe akatua Machakos. Alikuwa mpole, mwembamba, anakula muthokoi wa mbaazi bila nyama na chai ya tangawizi. Ndani ya pochi yake alihifadhi noti moja ya nchi yake, Somaliland, ambayo ilijitangaza kuwa huru mwezi wa Mei mwaka 1991 na wakati ule hapakuwa na nchi nyingine iliyoikubali. Alikuwa pia na pasipoti yao. Aliwahi kuionyesha katika ofisi moja ya serikali, karani akaipindua chini juu, akauliza kama ni kadi ya klabu ya mpira. Samatar alisimulia kisa hicho akicheka, lakini alikisimulia mara nyingi mno kwa mtu ambaye hakikumuuma.

Ndambuki alimpenda sana. "Muangalie huyu," alikuwa anatuambia, akigonga meza. "Wako na bendera, wako na polisi, wako na pesa. Walisema 'sisi ni nchi' na wakakuwa nchi. Nani atawaambia hawako? Mimi na Samatar ni kitu kimoja."

Samatar alitabasamu tu na kukoroga chai. Katunge alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, na mwiko ukigonga sufuria kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Mambo yalibadilika mwaka 2002. Mwezi wa Juni wajumbe wa Sudani walikuja kufanyia mazungumzo yao hapa kwetu, serikali upande mmoja na wapiganaji wa kusini upande mwingine. Kwa wiki kadhaa mji wetu ulijaa magari yenye vioo vyeusi. Kazi yangu ilinawiri, maana kila mtu alitaka redio yake isikike. Wengi wetu hatukujua hata vita vile vilianza lini, lakini vilikuwa vinamalizwa hapa karibu, tukajiona wenyeji. Mgeni akiuliza njia ya stendi tulimwelekeza kama mabalozi.

Siku moja ya kliniki, mwanzo wa Julai, Mzee Erastus alianguka. Alikuwa pale pale ng'ambo, soda mkononi, akaketi ghafla vumbini. Katunge alivuka barabara bila kuangalia magari. Alikuwa na kikombe cha uji wa moto, akapiga magoti, akamwekea babake mdomoni.

"Asa, kunywa," alisema. Asa ni baba kwa Kikamba.

Mzee alifunga mdomo. Jasho lilikuwa linamtiririka, na bado akageuza uso kama mtoto anayekataa dawa. "Umetoka kwa hiyo nyumba," alisema polepole. "Niletee maji ya duka."

Nilimletea mimi. Katunge alibaki amepiga magoti na kikombe chake. Nimewahi kuona watu wakilia kwa kifo, kwa kufukuzwa shamba, kwa kufeli mtihani. Sijaona uso kama ule. Alipoinuka alimwaga uji chini taratibu mpaka tone la mwisho, akarudi jikoni kuwapakulia wateja.

Ilipofika Jumamosi ya tarehe ishirini Julai, redio zilitangaza kwamba wale wa Sudani wametia sahihi. Hoteli ilijaa, tukasikiliza redio iliyokuwa imewekwa juu ya kabati la maandazi. Msomaji wa habari alisema watu wa kusini watakaa miaka sita, kisha waulizwe wenyewe kama wanataka kubaki au kujitenga.

Katunge alitoka jikoni akijifuta mikono kwa aproni. "Kiama, hebu rudia. Wataulizwa?"

"Wataulizwa."

"Wenyewe? Hata wanawake?"

"Nadhani wote, mama. Ni kura."

Ndambuki alikuwa mezani na sahani yake. Katunge alimwangalia, na nikajua kuna kitu kinakuja.

"Mimi nina miaka ishirini na tatu kwako," alisema, "na hakuna mtu amewahi kuniuliza. Baba hakuulizwa. Mimi sikuulizwa. Wewe ulisema 'twende' nikaenda, na nilikupenda, sikatai. Lakini baba yangu karibu afe hapo barabarani na uji wangu nimeushika mkononi. Enda Ekalakala mkae chini muongee."

"Nitamaliza hiyo maneno wiki hii," Ndambuki alisema, na wateja wakapiga makofi.

Akaimaliza kweli, kwa njia yake. Jumanne alinunua mbuzi watatu wazuri kwa Samatar, akawapakia kwenye pikapu ya kukodi, akamtuma dereva Ekalakala peke yake na ujumbe: "Hizi ni za ntheo. Sasa tumemaliza." Yeye mwenyewe alibaki Mumbuni akipiga plasta ukuta wa mtu, akipiga mluzi.

Jumatano mbuzi walirudi. Walikuwa wamekula wakashiba, wamenyweshwa maji, na wamefungwa kamba mpya za mkonge. Dereva alishuka akajikuna kichwa. "Mzee amesema asante kwa kumtembelea. Amesema pia mbuzi hawajui kuongea."

Soko zima lilicheka. Ndambuki hakucheka. "Si mmeona?" alifoka. "Nimejaribu! Ametukana mbuzi zangu! Basi, ikae hivyo, simiti iko pale, imeandikwa!"

Katunge hakupiga kelele. Alimaliza kuuza chakula cha siku hiyo, akasugua sufuria zote, akazifunika, akafunga mlango wa hoteli kwa kufuli kubwa, ufunguo akauning'iniza shingoni kwa uzi. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa pale.

"Nitafungua siku baba yangu atakuja kula hapa," alisema. "Siku hiyo na si siku nyingine."

Tulidhani ni hasira ya siku mbili. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili nayo. Nyumbani Mumbuni alimpikia Ndambuki kama kawaida, hakumnyima chochote, lakini hoteli ilibaki imefungwa na yeye akawa anakuja kila asubuhi, anafagia mbele ya mlango, anaketi kwenye kigoda, anasuka kiondo. Wauzaji wa mbuzi walitoka alfajiri na njaa wakarudi nayo. Kule kwingine chapati zilikuwa ngumu na mchuzi ni maji ya moto yaliyoonyeshwa nyanya. Tulianza kumchukia Ndambuki kwa dhati. Akipita sokoni watu walimsalimia kwa tumbo: "Ndambuki, sisi tuna njaa!" Hata mafundi wake walianza kuchelewa kazini.

Mimi nilijaribu kumbembeleza Katunge. Nilimwambia anaiumiza biashara yake. Hakuinua macho kutoka kwenye kiondo.

"Kiama, unajua hii hoteli nimelisha watu wangapi? Nimelisha polisi na wezi wao. Mwezi wa sita nimelisha hata dereva wa wale wakubwa wa Sudani. Mtu mmoja tu sijawahi kulisha. Sasa ninalisha watu kwa nini?"

Nikarudi kibandani na njaa yangu.

Aliyemvunja Ndambuki ni Samatar. Ndambuki alikuja sokoni siku moja kujitetea, akaanza wimbo wake ule ule: yeye na Samatar ni kitu kimoja, wamejitangaza, wanasimama peke yao. Samatar, yule mpole, alitupa fimbo yake chini.

"Ndambuki, usinitumie tena. Nimechoka."

Watu wakasogea karibu.

"Sisi tulijitangaza kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Serikali ilikuwa imetupiga mabomu, halafu ikakimbia. Kule Mogadishu walibaki watu wa bunduki wakipigania nyumba kwa nyumba. Ungeongea na nani? Na hata hivyo, unadhani mtu mmoja alipanda juu ya jiwe akapiga kelele? Wazee wa koo zote walikaa katika mji wa Burao kwanza, ndiyo bendera ikatoka. Halafu wakakaa mji wa Borama miezi minne. Miezi minne! Walisameheana damu. Waliouana walikula sahani moja. Sijutii, wallahi, nitakufa nikisema mimi ni wa Somaliland. Lakini miaka kumi na moja naamka asubuhi nikiwa mtu wa nchi ambayo haiko kwa ramani. Unafikiri hiyo ni sifa? Hiyo ni kidonda."

Alimsogelea. "Wewe mtu wa kukaa naye unaye. Yuko hai, yuko Ekalakala, ana masikio mawili. Sisi tungetoa ngamia wote kupata mtu kama huyo ng'ambo ya meza. Na wewe unamtumia pikapu."

Ndambuki alitazama kufuli la hoteli, akamtazama mke wake kwenye kigoda, akauliza kwa sauti ndogo: "Mtanisindikiza?"

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Ndambuki alikuwa na ami yake, Mzee Wambua, wa kumsemea, pamoja na Samatar na mimi. Katunge alikuwa ametangulia siku moja, kama msichana anavyopaswa kukutwa kwao. Mbuzi walikuwa wale wale watatu, na kamba zile zile mpya za mkonge, kwa sababu Wambua alisema ni adabu kurudisha kamba ya mtu.

Sebule ya Mzee Erastus ilikuwa na viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma na picha ya kalenda ya kanisa. Yeye alikataa kuwekewa msemaji. "Nimengoja miaka ishirini na tatu kusema," alisema, "na mtu mwingine anisemee?"

Hawakuanzia kwenye mbuzi. Walianzia kwenye tarehe. Wambua alisema tumekuja kutimiza ndoa ya mwaka 1979. Erastus akasema mwaka 1979 hapakuwa na ndoa yoyote, kulikuwa na mtu amepanda juu ya jiwe. Ndoa, ikiwepo, itaanza leo. Ndambuki akaruka: ikianza leo, basi watoto watatu aliozaa na Katunge ni wa nani? Erastus akajibu: ikianza zamani, basi aliyechukua bila kuomba amesifiwa, na kila fundi apitaye Ekalakala atajichukulia. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Saa zilipita. Chai ililetwa ikapoa, ikaletwa nyingine. Mara mbili Ndambuki alisimama kutoka, mara mbili Wambua akamshika koti akamkalisha.

Mchana ukawa umekwenda sana wakati Katunge alipozungumza kutoka mlango wa jikoni. Alisema maneno machache tu. "Hiyo tarehe imeandikwa kwa mlango wangu, naiona kila siku. Ibaki, kwa sababu ilitokea. Na ya leo iandikwe chini yake, kwa sababu imekubaliwa."

Wazee walitazamana. Erastus alijipapasa kidevu. "Na kosa?" akauliza. "Kosa la kuchukua bila kuuliza lina faini yake."

Hapo tena tungeshikana mashati, maana Ndambuki hakutaka kusikia mbele ya watu amepigwa faini ya mbuzi wangapi. Samatar akatandaza shuka lake la begani juu ya mkono, akamnyooshea Erastus. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ujanani alikuwa akipeleka mbuzi mpaka Garissa, na alijua jinsi madalali wa Kisomali wanavyopatana: mikono miwili chini ya kitambaa, kidole kinabonyeza kidole, na hakuna anayeona nani ametaka ngapi na nani amekubali ngapi. Tuliona shuka likitikisika tu. Likatulia, likatikisika tena. Kisha wakaachiana mikono, Samatar akamnong'oneza Ndambuki sikioni, na Ndambuki akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo sijui ilikuwa mbuzi wangapi.

Ndipo Katunge akaitwa aje katikati. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na mvi kidogo hapa pembeni, na alisimama pale kama msichana.

"Katunge," babake alisema, "unawajua hawa watu?"

"Nawajua, Asa."

"Wameleta mbuzi. Tuwakubali?"

Sote tulikuwa tumeshaanza kutabasamu. Swali lile ni la desturi, na jibu lake linajulikana kabla hujazaliwa.

"Nipeni muda," alisema Katunge.

Wambua alishtuka akamwaga chai. "Muda wa nini? Si uko na watoto watatu!"

Lakini Erastus aliinua mkono. "Ameulizwa. Mwacheni."

Katunge alitoka nje. Kupitia mlangoni nilimwona akisimama karibu na mbuzi, mmoja akimnusa sketi. Samatar aliniinamia akaninong'oneza, "Isiwe tu miaka sita." Sikuweza kucheka kwa sababu nilikuwa namtazama Ndambuki. Mtu yule mkaidi alikuwa amegeuka rangi. Miaka ishirini na tatu hakuwahi kufikiria kwamba Katunge anaweza kusema hapana, na sasa wazo hilo lilikuwa limemwingia lote kwa mara moja. Nilimhurumia, na pia nikaona inamfaa.

Katunge alirudi wakati chai ya tatu imepoa. Hakumtazama babake. "Ninyi mmeniuliza, asanteni. Sasa huyu naye aniulize. Kwa mdomo wake, si kwa simiti."

Ndambuki alisimama. Alikohoa. Akavua kofia, akaikunja mkononi mpaka ikawa kitambaa. "Katunge," alisema, na sauti ikakatika, akaanza upya. "Katunge. Unakubali nikuoe?"

"Nakubali," alisema Katunge. "Hata wakati ule ningekubali. Ungeniuliza tu."

Basi mbuzi mmoja alichinjwa, tukala mpaka jioni. Tulipokuwa tunaaga, Erastus alimshika Samatar mkono. "Na ninyi kule kwenu, mmepata wa kuwatambua?"

"Bado, mzee."

"Nchi yako mimi siwezi kukusaidia, niko na miaka themanini na moja. Lakini wewe nimekutambua. Ukipita Ekalakala uko na mahali pa kula."

Wiki iliyofuata Ndambuki alipanda ngazi na mwiko, akaandika 2002 chini ya 1979. Simiti mpya haikufanana rangi na ya zamani, na mpaka sasa ukipita Mumbuni utaona. Hoteli ilibaki imefungwa. Tulimsihi Katunge, tukamwambia yote yamekwisha. Alitikisa kichwa, ufunguo ukicheza shingoni.

Siku ya kliniki ya Septemba alikuja alfajiri akafungua kufuli, akapika sufuria moja tu. Sisi tulisimama mbali tukijifanya tuna kazi. Saa sita hivi Mzee Erastus alionekana na koti lake la kijivu. Alipita mbele ya hoteli. Katunge akatoka, wakasalimiana. Mzee akavuka barabara kwenda dukani.

Katunge hakusogea kutoka mlangoni.

Mzee alinunua nusu mkate, akautia kwenye mfuko wa koti, akasimama pale ukingoni akiangalia huku kwetu. Labda miguu ilikuwa imezoea. Kisha akavuka tena, polepole, mkono mmoja umeinuliwa kuyasimamisha magari, akainama mlangoni akaingia. Alichagua meza ya karibu na jiko. Katunge aliweka sahani mbele yake akarudi nyuma hatua mbili, mikono ndani ya aproni.

Mzee alionja. Akatafuna muda mrefu, maana meno yalikuwa machache.

"Chumvi imepungua," alisema.

Katunge akamletea chumvi. Mzee akala yote, akapangusa sahani kwa kidole, akaisukuma mbele ili iongezwe. Ndipo akautoa ule mkate mfukoni, akauweka mezani.

"Huu," alimwambia binti yake, "wape kuku."